Kona ya Vitu vya Zamani: Fundi anataka kuipuliza rangi ndege ya babu

SWALI: Shikamoo mzee wa Kona. Mimi nipo Uyole hapa Mbeya. Babu alivyofariki tukawa tunapanga vitu vyake, ndani ya kopo la maziwa ya unga nikakuta kindege cha chuma, kizito kuliko nilivyotegemea, kina injini nne ila hazining'inii chini ya bawa, zimezama humo humo ndani, chini kimeandikwa Dinky Toys na Comet, BOAC inasomeka kwa shida. Rangi imebanduka puani na kwenye ncha za mabawa. Fundi rangi wa magari pale Mwanjelwa kasema atakipiga msasa akipulize upya king'ae. Nimpe? Na nikitaka kukusanya vingine nianzie wapi, mshahara wenyewe ndo huu huu. Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana kwa msiba. Usimpe! Nakuomba kabisa, usimpe. Ile rangi iliyobanduka ndo rangi ya kiwandani Uingereza, Dinky, watengenezaji wa vitu vya kuchezea wa huko, walianza kuitoa Comet hiyo 1954, msasa ukishapita hakuna wa kuirudisha na wakusanyaji wakiona kimepulizwa upya bei inashuka vibaya. Usitumie tina wala petroli, vumbi litoe kwa brashi laini ya kupakia rangi za maji, basi. Weka mbali na jua na unyevu, baridi la Uyole unalijua, nguo zenyewe zinaota ukungu kabatini. Watoto wasikiweke mdomoni, rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi (lead), ni sumu.

Na ujue ulichoshika. BOAC lilikuwa shirika la ndege la Uingereza, na Comet ndo ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba, tarehe 2 Mei 1952, London kwenda Johannesburg, na njiani ilitua Entebbe, yani jeti ya kwanza ya abiria ilipita kwetu Afrika Mashariki. 1954 zikasimamishwa baada ya ajali, bodi ilikuwa inachoka na kupasuka. Iliporekebishwa ikaja Comet 4, na East African Airways, shirika la pamoja la ndege la nchi zetu za Afrika Mashariki, wakazipata 1960.

Hapo ndo ningeanzia kukusanya: ndege zilizopita kwetu. Usinunue kila kinachong'aa. Tafuta Super VC10 ya East African, ile yenye injini nne mkiani, kwa skeli ya 1:400, yani imepunguzwa mara 400, inakuja kama sentimita 13 tu, inakaa kwenye rafu ya vitabu. Tafuta DC-3 na Fokker Friendship, hizo za panga boi, ila chukua 1:200 maana DC-3 kwa 1:400 ni sentimita 5, huoni kitu. Chagua skeli moja au mbili uzishikilie, ukichanganya mno ndege kubwa inaonekana ndogo kuliko ndogo.

Ila ninayoiota mimi ni nyingine. Mwaka 1932 Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, walipofungua njia ya London hadi Cape Town, kutoka Dodoma walikuwa wanatua Mbeya, hapo hapo kwenu, halafu Mpika, Zambia ya leo. Baadaye njia hiyo ikaletewa ndege aina ya Atalanta, bawa moja juu, injini nne, ziliundwa 8 tu dunia nzima, na Dinky wakatoa kindege chake 1934. Kuwa makini nacho lakini, madini ya zinki ya kabla ya Vita Kuu ya Pili mara nyingi yalichanganyika na madini ya risasi, chuma kinavimba, kinapasuka, mwisho kinamomonyoka kama biskuti na hakuna dawa. Ukiuziwa mtandaoni dai picha za tumboni na maungio ya mabawa, ukiona nyufa achana nacho hata kama bei inavutia, na uliza ushuru kabla hujalipa.

Comet yako irudishe kwenye kopo lake, ifunge kitambaa cha pamba. Halafu kama bibi yupo kaa naye jioni moja umuulize mzee aliipata wapi, uandike kwenye karatasi na jina la babu, karatasi uitie humo humo kwenye kopo. Akikwambia, niandikie tena, nataka kujua.