Daktari wa Mifugo Anajibu: Nimeitwa kwenye kamati ya wanyama wa maabara

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Columbus, Ohio, na kazi yangu ni ushonaji. Chuo kikuu kimoja cha huku kimeniomba niwe mjumbe wa kamati inayosimamia wanyama wa utafiti. Sayansi niliiacha sekondari. Nitawafaa nini maprofesa wale? Naogopa wasije wakanifanya muhuri wao. – Mama Z.

JIBU: Marahaba, Mama Z. Hawajakuita kwa hisani. Tangu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Marekani ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1985, kamati hiyo lazima iwe na daktari wa mifugo na angalau mtu mmoja asiye na uhusiano na chuo, yeye wala jamaa yake wa karibu. Mtu huyo ndiye wewe, na kura yako ni sawa na ya profesa.

Sheria hiyo imewaacha nje panya waliozalishwa kwa ajili ya utafiti, jambo linaloniuma mpaka leo, maana ndio wanaojaa maabara. Wanaokolewa na masharti ya fedha za utafiti wa afya za serikali, yanayogusa kila mnyama mwenye uti wa mgongo.

Ukiletewa ombi la utafiti, majina ya vinasaba yasikutishe. Tazama idadi: kwa nini panya 120, wasitoshe 60? Mtafiti anawajibika kueleza. Kisha tazama maumivu. Penye kuumia kusiko kwa kitambo tu, aonyeshe alivyotafuta njia mbadala akaikosa. Ukisoma "tutawaangalia mara kwa mara", uliza: nani, saa ngapi, na Jumapili je? Dalili gani ikionekana jaribio litakoma? Nimekaa kwenye vikao vya namna hii, na nakuhakikishia mtafiti hujieleza vizuri zaidi anapoulizwa na mtu asiyeweza kumjibu kwa istilahi.

Kila miezi 6 kamati hukagua vyumba vya wanyama. Usikose. Tazama wanavyomshika panya. Akinyanyuliwa kwa mkia huingiwa na hofu; akiingia mwenyewe kwenye kibomba cha plastiki, au akibebwa viganjani, hutulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilithibitisha hilo. Inama uchungulie kiota. Panya mzima akipewa karatasi laini huzichana na kuzizungushia kingo, akalala katikati. Mwenye maumivu huziacha zimetapakaa, macho ameyafinya, masikio ameyalaza nyuma. Jicho linaloona mshono uliopinda litayaona hayo.

Na ukiona ombi linaharakishwa, mjumbe yeyote ana haki ya kutaka lijadiliwe na kamati nzima. Ukipingana na wenzako kuhusu ukaguzi, maoni yako yaingie kwenye ripoti hata kama umebaki peke yako. Kamati ikikataa ombi, hakuna mkuu wa chuo anayeweza kulipitisha.

Kubali, dada yangu. Ila kwanza waombe mafunzo, na waambie karatasi zikufikie siku kadhaa kabla ya kikao. Wakikuwekea mezani asubuhi ileile, usipige kura. Omba ombi hilo lisogezwe kikao kijacho.