Apartima mbili Ibanda: ya dola 350 au ya dola 420?

Swali: Enjenyeri, jambo. Tuko familia ya watu sita, tunatoka Kadutu, tunatafuta apartima ya kupanga upande wa Ibanda, humu humu Bukavu. Komisioneri (dalali wa nyumba) ametuonyesha mbili. Ya kwanza iko Nguba, jengo jipya la etaje (ghorofa) nne kwenye mtelemko. Chini kuna maduka na gereji, sisi tungekaa juu kabisa. Dola 350 kwa mwezi, garanti (pesa za amana) ya miezi sita. Ya pili iko Ndendere, jengo la zamani la etaje mbili, rangi imechakaa, dola 420, garanti ya miezi mitatu. Bwana anapenda ile mpya. Mimi roho inasita, ila sijui niangalie nini.

Jibu: Mama, jambo sana. Rangi na karo za sakafuni muviache kwanza, hivyo vinarekebishika. Hapa Bukavu mimi naanza na udongo ulio nyuma ya jengo, kisha maji, kisha nguzo za chini. Bei inakuja mwisho.

Watu wakisikia habari ya udongo kuporomoka wanataja mtaa wa Funu, kana kwamba Kadutu peke yake ndiyo yenye mlima. Udongo wetu mwekundu ukishiba maji unateleza popote mtu alipoukata wima ili apate kiwanja, Ibanda pia. Kwa hiyo muzunguke hadi nyuma ya kila jengo, hata kama komisioneri ana haraka. Mutakuta ukuta wa mawe au wa betoni unaozuia mlima. Je, una matundu madogo madogo? Matundu hayo ni ya kutolea maji. Mvua ikinyesha yanapaswa kudondosha. Yakiwa makavu wakati mlima mzima umelowa, basi yamezibwa na matope, na maji yanajikusanya nyuma ya ukuta yakiusukuma. Ukuta uliotoa tumbo katikati, au miti iliyoinama kwenye mtelemko wa juu yake, hapo musirudi tena, hata mukipunguziwa bei.

Tena muangalie maji ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200, mvua kubwa ya milimita 50, ni lita 10,000 za mchana mmoja. Zinakwenda wapi? Kama bomba la paa linaishia kwenye udongo mtupu kando ya msingi, hizo lita zote zinanywewa na msingi. Ninataka kuona mtaro wa saruji unaofika hadi mtaro wa barabara. Na musiangalie jirani wa chini tu. Jirani wa juu anayemwaga maji yake kwenu ni hatari kuliko mwenye nyumba wenu. Muende siku ya mvua. Kuanzia Septemba hadi Mei hazikosekani.

Nyufa: zile nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kwenye plasta, ni za kawaida, na jengo jipya linazo nyingi. Ninazoziogopa ni zile zinazoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda mshazari, na zile zinazokata nguzo. Muchukue kadi ya benki: ikiingia ndani ya ufa, muulize maswali. Ukuta mmoja tu uliopakwa rangi juzi, mingine yote ikiwa ya zamani, nao unastahili swali.

Sasa nguzo, na hapa ndipo jengo la Nguba linanitia wasiwasi. Gereji na maduka chini maana yake kuta chache chini, kuta nyingi juu. Tetemeko likija, etaje za juu zinatikisika kama sanduku moja, na mzigo wote wa kuyumba unaangukia nguzo za chini zisizo na kuta za kuzisaidia. Bukavu tunajua matetemeko. Lile la tarehe 3 Februari 2008 lilikuwa na ukubwa wa karibu 6. Muulize wazee wa mtaa kama lile jengo la Ndendere lilikuwa limesimama tayari mwaka ule, na nini kilitengenezwa baadaye. Kuhusu la Nguba, muombe kujua nani alichora plani. Mwenye nyumba akijibu kwamba fundi wake ana uzoefu, mumeshapata jibu: hakuna enjenyeri aliyeichora.

Maji ya matumizi. Watu sita wakitumia lita 40 kila mmoja ni lita 240 kwa siku. Jengo la familia nane kama yenu linamaliza tanki la lita 5,000 kwa siku mbili na nusu, na maji ya REGIDESO (shirika la maji) yanaweza kukatika muda mrefu kuliko hapo. Tena nyinyi mungekaa juu kabisa: kila mita 10 za kimo cha maji zinatoa bari moja ya msukumo, na tanki lililo mita mbili juu ya dushi yenu litawapa 0.2 tu. Wa chini wataoga vizuri, nyinyi mutangojea. Tanki likikauka, kila bido ya lita 20 ni kilo 20 za kupandisha ngazi.

Umeme ni swali moja: kila apartima ina kashipawa (mita ya umeme wa kulipia kabla) yake? Ikiwa ni kontere (mita) moja ya jengo zima, ugomvi hautaisha.

Sasa bei. Dola 70 za tofauti ni dola 840 kwa mwaka. Lakini garanti ya Nguba ni 2,100, ya Ndendere 1,260: tofauti ni 840 hizo hizo, zikilala mfukoni mwa mwenye nyumba. Tena sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Anayedai sita mwanzoni, mimi ningejiuliza atarudishaje mwishoni.

Kwa hayo muliyoandika, mimi naegemea Ndendere, ikiwa ukuta wa nyuma utapita mtihani wa mvua. Usipopita, muache zote mbili mutafute ya tatu. Na popote mutakapolipa, mupige picha za kila ufa, robine (bomba la maji) na namba ya kontere, muziandike kwenye karatasi, mwenye nyumba atie sahihi kabla ya kupokea garanti.