Dar hadi Mbeya kwa pikipiki ya cc 150: hela ya vifaa iende wapi

Habari za leo mkuu, na wadau wote wa magurudumu mawili.

Nimelisoma swali lako vizuri. Una Boxer ya cc 150, mwezi wa saba unataka kutoka Dar kwenda Mbeya kumwona bibi yako, una laki tatu ya vifaa, na unauliza uanze na maboksi ya pembeni na taa za ziada, au koti na helmeti. Waliojibu kabla yangu wameishia kubishana kuhusu taa. Mimi barabara hiyo naipita kwa pikipiki ndogo kama yako, na ushauri wangu ni kwamba laki tatu yote ivaliwe mwilini. Maboksi yasubiri. Begi la kawaida likifungwa vizuri kwenye keria kwa mipira ya tyubu linafika Mbeya bila tatizo. Na taa za ziada utazihitaji tu kama umepanga kutembea usiku, jambo ambalo nakuomba usilifanye kabisa kwenye njia ile.

Nikueleze kwa nini. Sehemu kubwa ya barabara ni lami nzuri, kwa hiyo kinachokumaliza ni uchovu. Kuna joto la Mlandizi na Chalinze, kuna kelele za upepo zisizokatika, kuna mabasi yanayokupita kwa kishindo, halafu unapanda Iringa na baridi inakuingia mifupani. Mtu aliyechoka anachelewa kushika breki na anakosea kukadiria umbali wa lori linalokuja. Ndiyo maana kila kifaa nakipima kwa swali moja: nikishakaa saa sita kwenye kiti, kitanisaidia niendelee kuwa makini?

Helmeti ichukue karibu nusu ya hela yako. Chukua inayofunika uso mzima mpaka kidevu. Kwenye mkanda wake tafuta kitambaa kilichoshonwa chenye herufi E ndani ya duara na namba pembeni. Hiyo ni alama ya kiwango kinachotumika Ulaya. Alama ya DOT ni ya kiwango cha Marekani, lakini kwa kuwa ni stika, mtu yeyote anaweza kuibandika, usiiamini peke yake. Ingiza vidole ndani, chini ya kitambaa laini: lazima ukute povu gumu. Ukikuta sponji tu halafu plastiki, rudisha. Lile povu gumu linafanya kazi mara moja. Linakubali kubonyea ili kishindo kisifike kwenye ubongo, na likishabonyea halirudi, hata kama ganda la nje linang'aa. Kwa hiyo helmeti ya mtumba usinunue hata ukipewa kwa bei ya soda, kwa sababu hujui imeangukia wapi.

Ivae dukani dakika kumi, muuzaji akikereka mwache akereke. Mashavu yabanwe kidogo, paji la uso lisiume. Funga mkanda, shika helmeti kwa nyuma chini, jaribu kuisukuma itoke kwa mbele. Ikitoka, omba namba ndogo zaidi. Kioo kiwe cheupe. Cha giza kinapendeza mchana, lakini jioni yenye ukungu kinakufanya kipofu. Na uchafu usiufute kwa petroli wala thina, vinadhoofisha ganda la plastiki. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikadiria kwamba helmeti inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna taa ya ziada inayoweza kukufanyia hivyo.

Ukiwa unazunguka, pita duka la dawa ununue viziba masikio vya sponji. Bei yake ni ndogo sana na watu wengi hawavijui. Kwa mwendo wa barabara kuu, kelele za upepo ndani ya helmeti zinavuka desibeli 90, na ukizisikiliza kutwa nzima unashuka ukiwa mlegevu na kichwa kinavuma. Ukivaa viziba, honi na injini bado unazisikia, ule mvumo tu ndio unaopungua. Kwangu mimi hicho ndicho kifaa chenye thamani kubwa kuliko bei yake.

Koti. Kwa hela iliyobaki huwezi kupata jipya la pikipiki lenye pedi nzuri, na si lazima. Nenda kwenye mitumba, Karume au Manzese, tafuta la ngozi nene. Livae, kaa kama uliyeshika usukani, uone kama mgongo unabaki umefunikwa na kama mikono haipandi juu ya kifundo. Lisiwe pana, koti linalopepea linakuvuta mabega kutwa nzima. Kibaha hadi Morogoro utasikia joto, fungua zipu kidogo ukiwa kwenye mwendo, ila usilivue. Weka sweta begini kwa ajili ya nyanda za juu. Ukifika Iringa nunua gazeti, ulisome, kisha ulitandaze kifuani chini ya koti. Waendesha baiskeli wa zamani walifanya hivyo kwenye milima, na linazuia upepo kweli. Koti la mvua pia lichukue hata kama mwezi wa saba hutarajii mvua, maana ukilivaa juu ya la ngozi upepo haupiti.

Glavu usiziache. Ukianguka, mikono ndiyo inayotangulia chini, na ngozi ya viganja inachukua muda mrefu kupona. Lakini hata usipoanguka, vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi haviwezi kubana klachi wala breki kwa uhakika, na Mafinga mwezi wa saba asubuhi vinakufa ganzi. Za ngozi laini zinazopita kifundo zinatosha. Viatu ni buti za kufunika vifundo, kamba uzichomeke ndani zisije zikanaswa na pedeli ya gia. Suruali ya jinzi nene, na ndani yake kinga za magoti kama zile za wachezaji. Jinzi peke yake kwenye lami inatoboka haraka sana.

Pikipiki yenyewe nitaigusia kwa kifupi kwa sababu fundi wako anaijua. Oili mpya siku chache kabla ya safari, si asubuhi ya safari, ili kama kuna mahali inavuja ujue ukiwa bado Dar. Cheni ipimwe wewe ukiwa umekaa juu na mzigo upo; ikibana sana inakula beringi, na mteremko ukianza itakukumbusha. Tairi la nyuma likikaribia kipara, badilisha. Beba tyubu moja ya akiba, viraka, solusheni, pampu ya mkono, plagi na spana yake, waya wa klachi. Mzigo mzito ukae chini na karibu na mgongo wako. Ukiuweka juu na nyuma, usukani unakuwa mwepesi na kwenye upepo utayumba.

Sasa njia. Usijaribu kuimaliza kwa siku moja, ni zaidi ya kilomita 800. Lala Mikumi mjini siku ya kwanza, takriban kilomita 300 kutoka Dar, na siku ya pili ulale Iringa, karibu 200 nyingine. Siku ya tatu zinabaki zaidi ya 300 hadi Mbeya. Watu watakuambia wewe ni mzito, waache. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kukiwa kumepambazuka, na saa kumi jioni uwe umeshapata chumba.

Kutoka Dar hadi Chalinze hatari ni wingi wa malori na mabasi. Usitembee pembeni kabisa mwa lami, maana basi la nyuma litadhani umempisha na litakubana. Shika mstari wa tairi la kushoto la gari, taa iwake mchana wote. Lori likiwa mbele yako, kaa mahali unapokiona kioo chake. Usipokiona, dereva hajui kama upo. Na basi linaloovateki upande wa pili likija usoni kwako, usigombanie haki. Punguza mwendo mapema, toka nje ya mstari polepole, ukijua kuwa kuna sehemu ukingo wa lami umeachana na udongo kwa kimo cha kuweza kukuangusha.

Baada ya Morogoro barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Ukilala Mikumi mjini maana yake hifadhi unaimaliza siku ya kwanza, kwa hiyo jipange uipite mchana, si jioni. Ukomo wa mwendo umeandikwa kwenye mabango na kuna matuta, uufuate kweli, kwa sababu swala akikatiza mbele ya pikipiki hakuna chuma cha kukukinga. Ukiona tembo karibu na barabara, simama mbali, injini ikiwaka, usubiri gari kubwa lipite kisha ufuate nyuma yake. Usipige honi, usishuke kupiga picha. Nyani nao wanasogelea chochote kinachonukia chakula, kwa hiyo andazi lako ulile ukishatoka nje ya hifadhi.

Ruaha Mbuyuni simama. Kuna joto, kuna vitunguu vya kila namna, na mibuyu ya bonde lile ni mizuri mno. Kunywa maji ya kutosha hapo. Chakula cha mchana kiwe chepesi, ugali mkubwa utakusinzisha kabla ya Ilula.

Kisha mlima Kitonga. Hapa ndipo ninapoomba usikilize sana. Ukienda Iringa unapanda, na malori yenye mizigo yanatambaa kwenye kona zile kwa mwendo wa mtu anayetembea. Utashawishika kuovateki kwenye kona kwa sababu pikipiki ni nyembamba. Subiri. Gia ya pili, nafasi ya kutosha mbele yako, kwa sababu lori likizimika linaweza kurudi nyuma. Angalia chini pia: dizeli na oili humwagika kwenye kona, na malori mazito yameikunja lami kwenye baadhi ya sehemu ikawa na mifereji ya matairi. Ukilazimika kuvuka mfereji, uukate kwa pembe kubwa, usiufuate taratibu kwa ubavu maana tairi la mbele litanaswa. Wakati wa kurudi unashuka: tumia gia ileile uliyopandia, breki iguswe na kuachiwa, na usiweke frii hata kidogo. Ukisikia harufu ya breki zinazoungua, tafuta mahali pana ukae pembeni mpaka mwenye harufu hiyo apite.

Iringa mjini iko juu ya kilima, barabara kuu inapita chini Ipogolo. Jaza mafuta jioni ili asubuhi uondoke moja kwa moja. Sehemu ya Mafinga kupitia misitu ya Sao Hill mpaka Makambako ndiyo ya baridi, ukungu unaweza kukukuta asubuhi, na Makambako upepo ni mkali wa kukuhamisha mstari. Usiikaze mikono, lala kidogo mbele, legeza viwiko. Hapo usione haya kusimama kila baada ya saa moja kunywa chai ya tangawizi. Ukianza kutetemeka, usiseme "bado kidogo nifike", simama papo hapo upate kitu cha moto. Ukishuka Igawa joto linarudi, utavua sweta, halafu utapanda tena kwenda Uyole. Mlima wa Inyala una historia mbaya ya malori kukatika breki, kwa hiyo pale usikae katikati ya magari mawili makubwa.

Na dada uliyeuliza kama unaweza kuungana naye kwa baiskeli: naipenda baiskeli kuliko hata pikipiki, na kwa sababu hiyo nitakuambia usiendeshe barabara kuu hiyo kutoka Dar. Mwendo wako na wa mabasi umepishana mno, na hifadhini uko peke yako na wanyama. Pakia baiskeli kwenye basi, legeza usukani na utoe pedeli, mnyororo ufunike kwa tambara usichafue mizigo ya watu, halafu anzia Iringa. Kutoka mjini hadi Kalenga, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, ni kama kilomita 15, na ukiwa na nguvu unaunganisha na Tosamaganga. Isimila, kwenye nguzo za udongo na zana za mawe za kale, iko kilomita 20 hivi kwenye njia ya Mbeya, ila hiyo nenda asubuhi mapema kabla malori hayajawa mengi. Nunua kaptula yenye sponji na uivae bila nguo ya ndani, mishono ya nguo ya ndani ndiyo inayochubua. Siti ipandishe hadi kisigino kifike kwenye pedeli mguu ukiwa umenyooka, magoti yatapumua. Muulize kaka hapo juu tarehe atakayolala Iringa, mkutane asubuhi Ipogolo mnywe supu pamoja kabla hajaendelea na safari yake.

Mkuu, ukishapima mzunguko wa kichwa chako kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi, andika hapa ni sentimita ngapi. Nitakusaidia kuchagua namba ya helmeti.