Nisipohudhuria ibada za Kwaresima na Majilio natenda dhambi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Nimeokokea kwenye kanisa ambalo hatukuwa na Kwaresima (mfungo wa kabla ya Pasaka) wala Majilio (majuma ya kabla ya Krismasi), ilikuwa Krismasi na Pasaka tu basi. Sasa nimeolewa, nasali na mume wangu kwenye kanisa la kalenda, kila msimu una ibada zake na rangi zake. Marafiki wa zamani wanasema haya ni mapokeo ya wanadamu, Paulo kayakataza Wagalatia 4:10 anapowakemea kwa kushika siku na miezi. Huku ukweni nako nikikosa ibada ya Kwaresima ya katikati ya wiki wananiona kama nimeasi. Nishike lipi?

JIBU: Ameni, dada yangu. Nikuambie moja kwa moja, kukosa ibada ya Kwaresima sio dhambi, na wanaokufanya ujione umeasi wanakosea. Ila na hao marafiki zako nao hawajausoma ule mstari mpaka mwisho wa hoja yake.

Wagalatia walikuwa wanaambiwa bila kutahiriwa na kushika siku za torati hawajahesabiwa haki, hapo ndo Paulo akawaka. Lakini Paulo huyohuyo kwenye Matendo 20:16 anaharakisha safari ili ikiwezekana awahi Pentekoste Yerusalemu, na kwenye Warumi 14:5 anasema kuhusu siku "kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe". Halafu soma Yohana 10:22, Yesu yupo hekaluni wakati wa sikukuu ya kutabaruku, na hiyo sikukuu haimo kabisa kwenye torati ya Musa, ilianza baadaye sana enzi za Wamakabayo, Wayahudi waliolitakasa hekalu baada ya kutiwa unajisi. Bwana hakuisusa.

Ni kweli Biblia haijaagiza Kwaresima. Kanisa la kwanza lilikuwa na watu wanaojiandaa kubatizwa Pasaka, wakawa wanafunga na kufundishwa, na waamini wengine wakafunga pamoja nao, na ilipofika Baraza la Nikea, mkutano mkubwa wa maaskofu wa mwaka 325, zile siku 40 tayari zinatajwa. Kabla ya hapo Irenayo, askofu wa karne ya 2, anaeleza kwamba wengine walifunga siku moja, wengine mbili, wengine zaidi, na bado walikaa kwa amani. Anaeleza pia Polikarpo, askofu wa Smirna, alivyokwenda Roma kwa askofu wa huko Aniketo katikati ya karne ya 2, wakashindwa kukubaliana kuhusu siku ya kuadhimisha Pasaka, na wakashiriki meza ya Bwana pamoja wakaagana vizuri. Natamani wakwe zako na marafiki zako wote wangeisikia hiyo.

Sasa mbona mimi nazipenda hizi ibada? Kwa sababu tukiachiwa wenyewe tunachagua tunachopenda. Tutaimba ushindi mwaka mzima, Zaburi za kulia tutazirukaruka, na mtu aliyefiwa akija kanisani hakuti sala inayomfaa. Msimu unalilazimisha kusanyiko lote, na mhubiri akiwemo, kupita mahali ambapo tusingepita kwa hiari yetu. Majilio kwa mfano wengi wanadhani ni kusubiri Krismasi tu kumbe masomo yake yanaanza na kurudi kwa Kristo na hukumu, mambo ambayo ni rahisi mwaka kuisha hujayasikia. Na Ijumaa Kuu tunakaa pale msalabani bila kukimbilia Jumapili, ingawa tunajua amefufuka. Hata hesabu ya Kwaresima ina Injili ndani yake, maana toka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46, ukitoa Jumapili 6 ndo unapata 40, kwa sababu kila Jumapili ni ya ufufuo, haifungwi.

Ila ukienda kwa kuogopa macho ya watu haitakusaidia. Yoeli 2:13 inasema "rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu", na Isaya 58 inauliza mfungo wako umemlisha nani mwenye njaa.

Kwa hiyo ongea na mumeo kwanza, yeye ndo aongee na wazazi wake, usiende kujitetea wewe. Chagua ibada unazoweza kwenda kwa moyo, na Ijumaa Kuu ningekuomba sana usiikose. Siku ambayo kazi au mtoto vimekubana, muulize mumeo wamesoma masomo gani, myasome pamoja nyumbani usiku muombe, inatosha.