Kwera wa Kilifi au kwera-msitu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Asubuhi moja katika msitu wa Arabuko-Sokoke niliona kundi la ndege weusi mgongoni, manjano tumboni. Mwenzangu alishikilia kuwa ni kwera wa Kilifi, yule aliye hatarini kutoweka. Mimi nilidhani ni kwera-msitu. Nitawatambuaje, na kwa nini mmoja yuko hatarini na mwingine hayuko?

JIBU: Marahaba. Anza na bawa. Kwera-msitu wa pwani ana bawa jeusi tupu. Dume la kwera wa Kilifi lina manyoya ya bawa yenye kingo za manjano. Kisha tazama majike. Jike la kwera-msitu hulingana na dume lake, na mara nyingi wawili hao huimba wakiitikiana. Jike la kwera wa Kilifi lina mgongo wa kijani. Kwa hiyo ukiona weusi na wa kijani wakipiga kelele pamoja vileleni, mwenzako huenda alisema kweli. Lakini mtazame kila ndege, maana aina zote mbili hujiunga na makundi ya mchanganyiko.

Kuhusu hatari, kwera-msitu ameenea kutoka Kamerun hadi Afrika Kusini na hana tishio kubwa. Kwera wa Kilifi, ambaye IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, imemworodhesha kuwa hatarini kutoweka, hapatikani popote duniani ila kaunti ya Kilifi: Arabuko-Sokoke na pori la Dakatcha, kwenye miti ya mrihi. Alielezwa kisayansi mwaka 1913, na miaka 100 ikapita bila mtu kujua anakotaga. Mwaka 2013 ndipo viota vilipoonekana Dakatcha, katikati ya ndago, kwenye kinamasi kinachojaa mvua ikinyesha.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ndege huyu anahitaji mahali pawili: mrihi wa kutafutia wadudu na kinamasi cha kulelea makinda. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali wenye ulinzi, lakini sehemu kubwa ya Dakatcha ni ardhi ya jamii, na huko mrihi hukatwa kwa makaa na kufyekwa kwa mashamba ya mananasi. Kinamasi nacho si kile kile kila mwaka, kwa hiyo kuzungushia ua kidimbwi kimoja hakutoshi.

Ukiwaona baada ya mvua wakibeba majani kuelekea majini, andika mahali na tarehe, uwaarifu Nature Kenya, shirika la uhifadhi wa maumbile, na usivisogelee viota.