Kadi Ninazo, Majibu Sipati

SWALI: Mhariri, nimehudhuria makongamano mawili ya wahasibu na kurudi na kadi nyingi za mawasiliano, lakini karibu kila ninayemwandikia LinkedIn hanijibu. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, naamini kosa limo katika ujumbe wenyewe, kwa maana mtu aliyesalimiana na watu hamsini kwa siku moja hawezi kumkumbuka anayeandika tu "Naomba tuunganishwe". Mwandikie ndani ya siku mbili, ukitaja mlichozungumza: "Tulikaa pamoja kwenye kikao cha kodi, ukanieleza mlivyopunguza makosa ya ankara, nimeijaribu njia hiyo na imenisaidia." Usiombe kazi katika ujumbe wa kwanza, hili nalisisitiza, kwani ndilo linalowafungia wengi milango. Wala usiwadharau unaofahamiana nao kwa mbali. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba, miongoni mwa waliopata kazi kupitia watu wanaowajua, wengi walisaidiwa na wale ambao hawakuwa wakionana nao mara kwa mara, kwa sababu rafiki wa karibu mara nyingi anajua yale yale unayoyajua wewe. Asiyejibu mkumbushe mara moja tu, kwa upole.