Mstari hafifu, na sindano ya "kushikilia mimba"

Dada wa Ujiji, umeuliza mawili: kipimo cha mkojo kimeonyesha mstari wa pili hafifu, na duka la dawa wanataka kukuchoma sindano ya homoni ya projesteroni ili mimba ishike, ingawa ni mimba yako ya kwanza na hutokwi damu.

Mstari hafifu ni mstari, mradi umejitokeza ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi dakika 5. Uliokuja nusu saa baadaye, mkojo ukishakauka, usiuhesabu. Kipimo kinasaka hCG, homoni inayotolewa na mimba ikishajishikiza kwenye ukuta wa kizazi, siku 6 hadi 10 hivi baada ya yai kutoka. Wiki za mwanzo huongezeka karibu maradufu kila siku 2 au 3. Kwa hiyo rudia baada ya siku 3 kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Wa mchana, umeshakunywa maji, huwa mwepesi mno. Na nunua pakiti ambayo haikukaa juani.

Hiyo hCG ndiyo inayokiamuru kifuko kilichobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka kiendelee kutoa projesteroni, inayotuliza misuli ya kizazi isikaze. Kati ya wiki ya 7 na ya 9 kondo la nyuma huipokea kazi hiyo. Projesteroni hulegeza na utumbo pia, ndiyo maana ya choo kigumu na kiungulia. Kichefuchefu nacho hupanda hadi wiki ya 9 hivi. Kipindi hicho dagaa wa Kibirizi waanikwe mbali na wewe.

Sindano? Mimba nyingi zinazotoka mapema zina kasoro ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi. Projesteroni hushuka kwa kuwa mimba imeshashindwa, na watu wanaligeuza jambo hili kichwa chini. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2019 kuhusu projesteroni uliwahusu wanawake zaidi ya 4,000 waliotokwa damu: kwa jumla faida haikuthibitika, ila ilionekana kwa waliowahi kupoteza mimba, hasa tatu au zaidi. Tena ilikuwa dawa ya kuweka ukeni, mg 400 mara mbili kwa siku. Wewe humo hata kidogo. Pesa hiyo nunua foliki asidi, mg 0.4 kila siku.

Kipimo cha mkojo hakijui mimba imekaa wapi, ndani ya kizazi au nje yake. Ukisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo, bega likiuma, kizunguzungu au damu, usirudi dukani. Nenda hospitali ya Maweni saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.